Salfeti ya nani? Uchambuzi wa kisa cha unga wa jongoo bahari, visiwa vya Lamu

Kisa hiki ni cha kweli. Majina ya kijiji, kikundi, dalali, mnunuzi na maabara nimeyaondoa, na mambo machache yasiyogusa kemia nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mimi niliitwa mwishoni, makaratasi yalipokuwa yameshagombanisha watu.

Usuli

Kikundi chenyewe ni cha wavuvi na wakaushaji katika kijiji kimoja cha visiwa vya Lamu. Wanaume huzamia jongoo bahari, mnyama laini wa sakafu ya bahari, bila mitungi, wakifuata bamvua, na wanawake ndio wenye kazi yote ya nchi kavu. Sisi watu wa pwani hatumli jongoo. Ni bidhaa ya kusafirishwa, na soko lake tangu enzi za mababu ni China na Hong Kong.

Aliyehusika hapa ni jongoo mchanga, Holothuria scabra. Hupasuliwa, hutolewa matumbo, huchemshwa, kisha hutiwa chumvi siku kadhaa. Baada ya hapo husuguliwa kwa majani ya mpapai mpaka ile ngozi ya juu yenye chokaa itoke, huchemshwa tena na kuanikwa. Chumvi wanayotumia ni ile ya mawe, inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, na kuletwa kwa magunia. Liweke akilini gunia hilo la chumvi.

Dalali aliwajia na habari mpya. Mnunuzi wa ng'ambo hakutaka jongoo mkavu, alitaka unga: polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari) zenye salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni), zilizokamuliwa kutoka kwenye ngozi ya jongoo. Bei ingepangwa kwa asilimia ya salfeti, ikipanda asilimia bei nayo inapanda. Kikundi kikakubaliana na maabara ya chuo kimoja cha pwani ikamue sampuli na kuipima.

Kinachotafutwa ndani ya ngozi ya jongoo

Ukimkata jongoo, ukuta wa mwili unaouona ni kolajeni (protini ya nyuzi) iliyolowa maji, na kati ya nyuzi za kolajeni kuna minyororo mirefu ya sukari iliyobandikwa salfeti. Kila salfeti hubeba chaji hasi, na chaji hizo huvuta maji na kuyashika. Wanyama wengi wa baharini wasio na uti wa mgongo wana minyororo ya namna hii, kila mmoja kwa mtindo wake. Yule wa miiba tunayemkanyaga mwambani ana fukani au galaktani (minyororo ya sukari za fukosi au galaktosi) yenye salfeti kwenye utando unaozunguka yai lake, na mpangilio wa salfeti hizo huisaidia mbegu ya kiume kutambua kwamba yai ni la jamii yake.

Jongoo ana aina mbili kubwa. Ya kwanza ni fukani yenye salfeti, mnyororo wa sukari iitwayo fukosi peke yake. Ya pili ni ya jamii ya jongoo tu: kondroitini salfeti yenye matawi ya fukosi, iliyoelezwa vizuri miaka ya 1980 na Paulo Mourão na wenzake mjini Rio de Janeiro. Mnyororo wake mkuu unafanana na kondroitini ya gegedu la ng'ombe, ila kwenye asidi ya glukuroniki, moja ya sukari zake, huota tawi la fukosi, na tawi hilo laweza kubeba salfeti mbili. Ndiyo maana watafiti wa damu wanaipenda: katika maabara huchelewesha damu kuganda kwa njia ambazo heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, haizitumii zote.

Salfeti hupimwa kwa njia mbili zilizozoeleka. Katika ya kwanza unga huchemshwa kwenye asidi hidrokloriki ili salfeti zibanduke kwenye sukari, kisha huongezwa bariamu kloridi pamoja na gelatini. Bariamu na salfeti hufanya ukungu mweupe, na ukungu huo ndio unaopimwa. Njia ya pili ni rangi iitwayo DMMB, ambayo ni ya buluu na hugeuka zambarau ikikutana na mnyororo wenye salfeti zilizokaribiana. Zingatia tofauti yao: bariamu haiulizi salfeti imetoka wapi, lakini rangi haigeuki mpaka salfeti iwe imekaa kwenye mnyororo.

Mfuatano wa matukio

Kikundi kilipeleka jongoo waliokwisha kutiwa chumvi na kukauka, kutoka ghalani. Sababu inaeleweka. Kutoka kisiwani mpaka Mokowe ni boti, kutoka Mokowe ni basi kupitia Witu na Garsen, na barafu ya kutosha safari hiyo ina gharama. Mkavu haozi.

Maabara iliwaloweka usiku mmoja, ikawasaga na kuwatia papaini kwenye joto la nyuzi 60 ili protini imeng'enywe. Kwa njia, papaini hiyo ni kimeng'enya kilekile kilichomo kwenye mpapai ambao akina mama wanautumia majani yake. Mchuzi ulichujwa, ukatiwa ethanoli, na kilichozama kikakaushwa. Mwongozo waliokuwa nao uliandikwa kwa ajili ya ngozi mbichi na ulitaka dayalisisi, yaani kuutia mchuzi kwenye mfuko wa utando unaopitisha chumvi na kuzuia minyororo mirefu. Utando ulikuwa umekwisha stoo. Wakaamua kurudia ethanoli mara mbili badala yake.

Unga ulitoka mwingi na mweupe. Kipimo cha bariamu kilisema salfeti ni karibu nusu ya uzito wote. Kipimo cha rangi kilisema kidogo mno, kiasi kwamba mtaalamu aliandika pembeni, "rangi haikufanya kazi vizuri, huenda imezeeka." Ripoti iliyokwenda kwa dalali ilikuwa na namba ya bariamu peke yake.

Dalali akafurahi. Mzigo wa pili, kwa kuwa akina mama walikuwa na haraka, ulitiwa chumvi zaidi, nao ukapima salfeti nyingi kuliko wa kwanza. Ujumbe uliorudi kijijini ukawa kwamba chumvi "inaipandisha salfeti", basi wazidishe. Magunia zaidi yakanunuliwa. Simlaumu mtu hapo. Namba ilisema hivyo, na aliyekuwa akilipa alikuwa akilipia namba.

Mnunuzi alipopima mwenyewe aliukataa mzigo wote kwa sentensi mbili: polisakaridi ni chache, chumvi ya madini ni nyingi. Kijijini ikaeleweka kwamba dalali amewadhulumu, dalali akaamini maabara imemchongea, na maabara ikashikilia kwamba kipimo kilifanywa mara tatu na kikakubaliana mara zote tatu. Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu.

Tulichokiona tulipourudia

Nilianza na kioo cha kukuzia, si mashine. Polisakaridi iliyozamishwa kwa ethanoli na kukaushwa vizuri huwa kama pamba iliyochanika, nyepesi, yenye nyuzi. Unga huu ulikuwa mzito mkononi, na chini ya kioo ulikuwa na vijiti vyembamba vinavyometa, vya jipsamu, yaani salfeti ya kalsiamu. Ukiusugua kwa vidole ulikwaruza.

Kisha tukayeyusha kidogo kwenye maji safi, bila asidi na bila kuchemsha, tukadondosha bariamu. Mrija ukawa mweupe papo hapo kama tui. Salfeti iliyobanwa kwenye sukari haifanyi hivyo, maana haijabanduka bado. Iliyofanya ukungu ilikuwa huru tangu mwanzo.

Maji ya bahari yana salfeti takriban gramu 2.7 kwa kila kilo. Kati ya chumvi zote zilizoyeyuka baharini, salfeti ni karibu asilimia 8 kwa uzito. Chumvi ya kuvuna juani, isipotenganishwa kwa uangalifu, hubaki na jipsamu na magnesiamu salfeti ndani yake. Jongoo akilala kwenye chumvi hiyo, huinywa. Halafu inakuja ethanoli, na hapo ndipo mambo yalipoharibika hasa: chumvi ya kawaida hubaki kwa sehemu kubwa kwenye ethanoli yenye maji, lakini salfeti ya kalsiamu na ya sodiamu huzama pamoja na polisakaridi. Kwa hiyo hatua waliyoiongeza ili kusafisha ndiyo iliyoikusanya salfeti ya bahari na kuitia kwenye unga. Kuirudia mara mbili kulizidisha.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutafuta utando na kufanya dayalisisi, tukibadilisha maji mpaka tone la bariamu lisifanye ukungu tena kwenye maji ya nje. Hatukutumia saa kama kipimo cha kumaliza. Jipsamu huyeyuka kwa shida, gramu 2 hivi kwa lita, na mfuko wenye jipsamu nyingi unaweza kuonekana umesafika kumbe bado una punje zinazoendelea kuyeyuka polepole.

Wa pili uliihusu kazi ya kijijini, na ulikuwa mgumu zaidi. Wazo langu lilikuwa jongoo waoshwe vizuri kabla ya kukaushwa. Lakini kwa maji gani? Nilichukua kichupa cha bariamu na mirija mpaka gatini, kichupa chenyewe nikikishika mimi kwa sababu bariamu kloridi ni sumu. Tukapima maji matatu. Ya bahari yaligeuka meupe kabisa. Ya kisima, ambayo pale ni ya chumvichumvi, yakafuata kwa ukungu mzuri tu. Ya jabia, maji ya mvua, yakabaki karibu yalivyokuwa. Wote waliokuwa wamesimama waliliona jibu, na aliyelitamka ni bibi mmoja mkubwa wa kikundi:

"Mwanangu, haya ni maji ya kunwa. Tukiwaoshea majongoo, sisi na watoto tutakunwa nini?"

Hakukuwa na la kumjibu. Kiangazi kilikuwa kinaingia na jabia ilikuwa nusu. Wazo la kuosha likaachwa pale pale. Badala yake ikakubaliwa kwamba jongoo wa maabara watengwe mwanzoni, wachemshwe mara moja na kuanikwa bila chumvi kabisa, na salfeti ya maji ya bahari itakayobaki iondolewe na dayalisisi maabara, kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa. Jongoo wa soko la kawaida waendelee na chumvi yao. Soko lile halipimi salfeti.

Wa tatu: pauni, aina nyingine za jongoo bahari, mweupe na mweusi, wasiingizwe. Dalali alikuwa ameanza kuwaulizia kwa kuwa ngozi yao ni nene. Holothuria fuscogilva na Holothuria nobilis wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, uamuzi ulioanza kazi Agosti 2020, na kuwapeleka nje bila kibali ni kosa, hata wakiwa wamesagwa.

Wa nne: hakuna atakayeandika kwenye mfuko kwamba unga huu "unasafisha damu". Dalali aliliomba hilo mara mbili. Kondroitini hii ikichomwa kwenye mishipa ya wanyama wa majaribio imeonekana kuamsha faktari ya XII, moja ya protini za kugandisha damu, na kushusha shinikizo la damu. Kitu chenye nguvu hiyo hakiuzwi kwa maneno ya sokoni.

Matokeo

Unga uliopita kwenye dayalisisi ulipungua vibaya. Sehemu kubwa ya uzito iliondoka na maji, na kilichobaki kilikuwa chepesi, cha rangi ya maziwa yaliyochacha, chenye nyuzi. Salfeti yake ilishuka mpaka karibu robo ya uzito. Rangi ya DMMB, ileile ya kwenye chupa iliyosingiziwa uzee, iligeuka zambarau safi.

Mnunuzi aliipokea sampuli ya jongoo wasiotiwa chumvi, akatoa bei. Dalali alipopiga hesabu ya ethanoli, papaini na kilo za jongoo zinazohitajika kwa gramu chache za unga, akajitoa. Kikundi kimerudi kuuza jongoo mkavu, kikiwa na magunia ya chumvi ya ziada na hasara ya mzigo uliokaa bandani mpaka ukavuta unyevu. Maabara haikurudishiwa gharama, na kikundi hakikulipwa kwa jongoo waliosagwa kwa vipimo, jambo ambalo mkataba wao wa mdomo haukulitaja na ambalo mpaka sasa linatia watu uchungu.

Uchambuzi

Watu wengi waliosikia kisa hiki wanasema kosa ni la chumvi, au la utando uliokwisha. Mimi sioni hivyo. Utando ungekuwepo, mambo yangekwenda vizuri kwa bahati, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Kilichovunjika ni kuhamisha mwongozo wa ngozi mbichi na kuutumia kwa bidhaa ya ghalani bila kuuliza bidhaa hiyo imepita wapi. Fomu ya sampuli ilikuwa na nafasi ya jina la kisayansi, tarehe na uzito. Haikuwa na nafasi ya chumvi. Wenye habari hiyo walikuwa akina mama wa kikundi, na wangeitoa bure kama wangeulizwa.

Halafu kulikuwa na vipimo viwili vilivyopingana, kimoja kikachaguliwa. Vipimo viwili vya kitu kimoja vikitofautiana kiasi kile, tofauti yenyewe ndiyo habari. Hapa ilikuwa ikisema waziwazi kwamba kuna salfeti nyingi na minyororo michache. Kisingizio cha rangi kuzeeka kingeweza kumalizwa kwa dakika kumi kwa kuipima na kondroitini ya dukani. Ni haki pia kusema kwamba chumvi nyingi huififisha rangi hii kwa kiasi fulani, kwa hiyo mtaalamu hakuwa anawaza upuuzi. Ila hata kufifia huko kungemwelekeza kwenye chumvi.

La tatu linahitaji kalamu tu. Chukua kipande kimoja cha kondroitini ya jongoo, kwa uzito wa molekuli: asidi ya glukuroniki 176, galaktosamini yenye asetili 203, fukosi 146. Jumla 525. Weka sodiamu kwenye asidi, inakuwa 547. Kila salfeti pamoja na sodiamu yake huongeza 102. Hata ukikipa salfeti nne, ambazo ni nyingi, kipande kinafika 955, na salfeti ndani yake ni 384, yaani asilimia 40. Huo ndio mpaka wa unga safi kabisa, usio na protini, maji wala majivu. Ripoti ilisema karibu nusu, kwa unga ambao haujasafishwa. Namba hiyo haiwezekani. Jipsamu yenyewe ni asilimia 56 salfeti, na sodiamu salfeti kavu ni 68. Ukichanganya hizo na polisakaridi kidogo unafika nusu bila taabu.

Kuirudia bariamu mara tatu hakukusaidia kitu. Marudio hupima uthabiti wa mkono. Kama swali limeulizwa vibaya, utapata jibu lilelile baya mara tatu.

Kuna sababu wanunuzi wa bidhaa hizi ni wakali. Mwaka 2008 heparini iliyotengenezwa kwa malighafi ya China iligunduliwa kuwa imechanganywa na kondroitini iliyoongezwa salfeti kupita kiasi. Ilipita kwenye kipimo cha kuganda kwa damu, na wagonjwa nchini Marekani walipata madhara makubwa, wengine wakafa. Ilikamatwa kwa NMR na kwa elektroforesisi ya mirija myembamba, njia zinazoangalia umbo la molekuli badala ya kazi yake. Tangu hapo, asilimia peke yake haimshawishi mnunuzi anayejua kazi yake.

Kilichofaa kilikuwa kidogo lakini cha maana. Maabara ilihifadhi unga wa kila mzigo na daftari lenye namba zote, pamoja na ile iliyodharauliwa. Bila hivyo tusingekuwa na cha kurudia. Kule gatini nako, mirija mitatu ilimaliza ugomvi ambao barua zilishindwa, maana kila mtu aliiona bahari yake mwenyewe ikigeuka nyeupe.

Limebaki jambo moja ambalo maabara inaendelea nalo. Robo ya uzito tuliyoipata ni salfeti ya polisakaridi, sawa, lakini polisakaridi zipi? Jongoo hula mchanga wenye mabaki ya mwani, na karagenani, polisakaridi ya mwani, nayo ina salfeti na huigeuza rangi vilevile. Utumbo usipotolewa wote, inaingia. Kwa hiyo sampuli sasa hukatwa ukuta wa mwili peke yake, na hupimwa fukosi na asidi za uroniki (jamii ya asidi ya glukuroniki) pamoja na salfeti, kwa kuwa karagenani haina hata moja kati ya hizo mbili.

Na anayetaka kuthibitisha kondroitini kwa kimeng'enya cha kondroitinezi ABC, kinachokata kondroitini, ajihadhari. Matawi ya fukosi hukizuia kuufikia mnyororo mkuu, na kipimo kitasema hakuna kondroitini wakati imejaa tele. Matawi huondolewa kwanza kwa asidi hafifu, unga unarudishwa kwenye dayalisisi, ndipo kimeng'enya kinatiwa. Maabara sasa hupima pande mbili, kabla na baada ya asidi, na huandika zote mbili kwenye ripoti.